Shylock Darasani

Msomaji wangu, nataka kukueleza habari ya kosa nililolitenda mwaka 1973, nilipokuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari iliyo kando ya reli. Kosa lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko ule wa kufuta ubao, wala siku ile sikujua kuwa ni kosa. Tulikuwa tunaanza kusoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Desturi yangu ilikuwa kugawa sehemu za mchezo kwa wanafunzi, kila mmoja asome maneno ya mtu wake kwa sauti. Antonio nilimpa kijana mrefu aliyekuwa kiongozi wa darasa. Bassanio nilimpa mvulana mmoja aliyependa kupiga pasi nguo zake. Nilipofika kwa Shylock, Myahudi mkopesha fedha, jicho langu lilikwenda lenyewe mpaka dawati la nyuma, alikoketi mwanafunzi pekee wa asili ya Kihindi tuliyekuwa naye, ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo na vyombo pale mjini. Nikasema, "Wewe utakuwa Shylock." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka.

Juma lilipokwisha, jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa halitajwi tena uwanjani. Aliitwa Shailoki katika mstari wa chakula, akaitwa Shailoki alipokosa mpira, na mwenzake aliyetaka kuazima senti hamsini alimwuliza kama rehani yake itakuwa ratili ya nyama. Yeye hakujibu. Aliyasoma maneno ya Shylock kwa sauti ya chini, upesi upesi, kama mtu apitaye penye mbwa mkali.

Yamkini wewe nawe, ndugu msomaji, umo darasani hivi sasa na umewekewa mbele yako kitabu kikuu cha zamani ambacho ndani yake mna watu wanaodharauliwa kwa sababu ya dini yao, au rangi yao, au kazi yao. Vitabu vya namna hiyo ni vingi, na vingi katika hivyo ni vizuri. Hilo ndilo linalolifanya jambo lenyewe kuwa gumu. Kitabu kibaya chenye matusi husahauliwa. Kitabu kizuri chenye matusi hudumu, na matusi hudumu pamoja nacho. Kwa hiyo nitakupeleka kwanza Uingereza, ambako Shylock alizaliwa katika fikira za mtu, kisha nitakurudisha nyumbani.

Shakespeare aliuandika mchezo huu yapata mwaka 1596 au 1597, nao ulichapishwa mwaka 1600. Sasa shika jambo moja ambalo mimi mwenyewe sikulijua siku ile nilipokuwa nikigawa sehemu: watazamaji waliojaa katika nyumba za michezo za London, wakamzomea Shylock, karibu wote walikuwa hawajapata kuishi na Myahudi. Mwezi wa Julai mwaka 1290 Mfalme Edward I alitoa amri kwamba Wayahudi wote watoke katika nchi ya Uingereza kabla ya tarehe 1 Novemba ya mwaka uo huo. Wakatoka. Hawakuruhusiwa kukaa tena waziwazi mpaka mwaka 1656, siku za utawala wa Oliver Cromwell. Kwa muda wa miaka zaidi ya 360, basi, Mwingereza alirithi chuki juu ya watu asiowaona, kama vile mtoto arithivyo deni la babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Chuki hiyo ilijengwaje? Kanisa la zama zile liliwakataza Wakristo kukopeshana fedha kwa riba. Mwislamu wa pwani yetu atalielewa katazo hilo bila ya kuelezwa sana, kwa kuwa riba ni haramu katika dini yake pia. Lakini wafalme walihitaji fedha za vita na majumba, na wakuu wa nchi walihitaji fedha za kuishi maisha ya kujionyesha. Wakati huo huo Myahudi alizuiwa kujiunga na vyama vya mafundi na kwa jumla hakuachiwa ardhi ya kulima. Alifungiwa milango yote ila mmoja, nao ulikuwa mlango wa kukopesha. Kisha akachukiwa kwa kuwa alionekana akiingia na kutoka katika mlango huo. Mfalme alimtoza kodi nzito, yeye akawadai wadeni wake, na wadeni wakamwona yeye tu, hawakumwona mfalme aliyesimama nyuma yake. Mwaka 1190 katika mji wa York Wayahudi wapatao 150, waume kwa wake na watoto, walizingirwa ndani ya ngome wakafa. Wengi wao walijiua kuliko kuanguka mikononi mwa umati. Walioongoza umati huo walikuwamo watu waliodaiwa fedha, na jambo moja walilofanya baada ya mauaji lilikuwa kuzichoma hati za madeni.

Mwaka 1275 ilitolewa sheria iliyowakataza Wayahudi wa Uingereza hata ile kazi ya riba, na kuwalazimisha kushona kitambaa cha manjano katika nguo zao ili wajulikane. Mkenya ambaye babu yake alitembea na kipande shingoni katika siku za ukoloni hatashangaa sana kusikia kwamba mtawala hupenda kumtia alama mtu anayemwogopa na kumhitaji kwa wakati mmoja. Miaka 15 baada ya sheria hiyo ikaja ile amri ya kufukuzwa.

Venice yenyewe, mji wa mchezo wetu, iliwaruhusu Wayahudi kukaa, lakini mwaka 1516 serikali ya mji iliwapa kisiwa kidogo wakae humo peke yao. Malango yalifungwa usiku, na mishahara ya walinzi wa malango ililipwa na hao hao waliofungiwa. Mahali hapo palikuwa na kiwanda cha zamani cha kusubu shaba, na kwa lugha ya watu wa Venice kiwanda hicho kiliitwa ghetto. Hapo ndipo neno hilo lilipoanza safari yake ulimwenguni.

Kuna kisa kimoja cha London ambacho hakinitoki moyoni. Malkia Elizabeth I alikuwa na tabibu aliyeitwa Rodrigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa amebatizwa na kuhesabiwa Mkristo. Alishitakiwa kwamba amekula njama ya kumpa Malkia sumu, akahukumiwa, na mwaka 1594 akauawa mbele ya watu. Wanahistoria wengi wa siku hizi wanaona hakuwa na hatia hiyo. William Camden, mwandishi wa historia wa zama zile, ameeleza kwamba Lopez alipokuwa karibu kunyongwa alisema kuwa alimpenda Malkia kama alivyompenda Yesu Kristo. Umati ukaangua kicheko, kwa sababu katika kinywa cha mtu wa asili ya Kiyahudi waliona maneno hayo hayawezi kuwa na maana ila moja. Mtu anakufa, na wenzake wanacheka. Mwaka huo huo ulirudishwa jukwaani mchezo wa Christopher Marlowe, The Jew of Malta, ambao ndani yake Myahudi tajiri huwatilia sumu watawa wa kike katika nyumba yao. Miaka miwili au mitatu baadaye Shakespeare alishika kalamu.

Akafanya nini? Hapa, msomaji, nakuomba uende polepole. Kwa upande mmoja aliwapa watazamaji kile walichokuja kukitafuta. Shylock ni bahili, anamchukia Antonio, anamkopesha dukati 3,000 kwa miezi mitatu na kumtaka aandike hati kwamba akishindwa kulipa atakatwa ratili ya nyama ya mwili wake. Binti yake, Jessica, anamkimbia na sanduku la fedha, na Shylock anaonyeshwa akililia mali na mtoto kwa pumzi moja ili watu wacheke. Mwishoni anashindwa katika baraza la hukumu, ananyang'anywa mali, na analazimishwa kuiacha dini yake. Watazamaji wa siku zile waliliona jambo hili la mwisho kuwa ni huruma.

Kwa upande mwingine, mkono wa mwandishi ulikataa kuchora kinyago kitupu. Antonio, mtu mwema anayesifiwa na wote, amemtemea Shylock mate na kumwita mbwa, naye anakiri mbele yake kwamba yu tayari kumtemea tena. Shylock anauliza iwapo Myahudi hana macho na mikono kama watu wengine, na kama haumwi na maradhi yale yale. Tena katika baraza anawakumbusha wakuu wa Venice kwamba wao wana watumwa waliowanunua kwa fedha, wanaowatumia kama punda, na hakuna anayewaambia wawaache huru wakaoe binti zao. Hakuna anayejibu hoja hiyo katika mchezo mzima. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta jibu.

Sasa nirudi darasani. Tulikuwa tumefika mahali ambapo Mwana wa Mfalme wa Morocco anakuja kumposa Portia. Posa ya Portia ina masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na anayechagua sawasawa atamwoa. Huyu Mmorocco ni mtu mweusi, jasiri na mwenye maneno ya kiungwana, na jambo la kwanza analolisema ni kuomba asichukiwe kwa sababu ya rangi yake. Portia anamjibu kwa adabu kamili. Mmorocco anachagua sanduku la dhahabu, anakosea, anaondoka kwa huzuni. Na mara tu anapokwisha toka, Portia anafurahi, akitamani kwamba wote wenye rangi kama yake wachague vivyo hivyo.

Vijana wangu waliyasoma maneno hayo, nao walikuwa wanataka kupita. Mimi pia nilikuwa nataka kupita, maana kengele ilikuwa karibu. Yule wa dawati la nyuma akainua mkono. Hakuwa ameinua mkono kwa majuma mawili. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Je, hapa nasi tucheke?"

Darasa likanyamaza. Sitakuambia kwamba nilimpa jibu la busara, kwa kuwa sikumpa. Nilisema kengele imelia, na kweli ilikuwa imelia.

Usiku ule nilianza kujifunza mambo haya ninayokueleza leo, na mengine niliyapata miaka mingi baadaye. Swali la kwanza nililojiuliza lilikuwa: je, kitabu hiki kiondolewe shuleni? Swali hilo si geni. Mwaka 1949 katika mji wa New York mzazi mmoja alifungua kesi akitaka mchezo huu, pamoja na kitabu cha Charles Dickens kiitwacho Oliver Twist, vitolewe katika shule za serikali kwa kuwa vinajenga chuki juu ya Wayahudi. Mahakama ilikataa. Wakati huo vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha kwa miaka minne tu, na Wayahudi milioni sita walikuwa wameuawa. Asimcheke mtu mzazi yule. Alikuwa na sababu ya kuogopa kicheko.

Alikuwa nayo kwa hakika. Mwaka 1943 mchezo huu ulionyeshwa katika mji wa Vienna, uliokuwa chini ya mtawala wa chama cha Nazi, Baldur von Schirach. Mwigizaji mashuhuri Werner Krauss alimcheza Shylock kama kiumbe wa kuchukiza. Wengi wa Wayahudi wa mji ule walikwisha kimbia, na wale waliosalia karibu wote walikwisha chukuliwa na kupelekwa kufa. Von Schirach mwenyewe alihukumiwa miaka 20 huko Nuremberg mwaka 1946 kwa sehemu yake katika jambo hilo. Hapa palirudi tena desturi ya London ya zamani: ukumbi umejaa watu wanaomzomea Myahudi katika mji uliokwisha waondoa Wayahudi wake. Na mchezo ni ule ule ambao mwaka 1814, katika jiji hilo hilo la London, mwigizaji Edmund Kean alikuwa ameucheza hata watazamaji wakamwona Shylock kuwa mtu aliyedhulumiwa. Kitabu kilikuwa kimoja. Waliotofautiana ni waliokisoma, na kusudi walilokisomea.

Habari za Oliver Twist ni za namna nyingine, nami nazipenda kwa sababu aliyezianzisha alikuwa msomaji kama wewe. Katika kitabu hicho, kilichotoka kati ya mwaka 1837 na 1839, yumo mzee anayefundisha watoto wizi, jina lake Fagin, na Dickens alimwita "Myahudi" mara mamia, kana kwamba dini yake ndiyo kazi yake. Mwaka 1863 mwanamke mmoja Myahudi, Eliza Davis, ambaye mumewe alikuwa amenunua nyumba ya Dickens, alimwandikia barua akimwambia kwamba amewatendea watu wake ubaya. Dickens alijitetea kwanza, kama sisi sote tufanyavyo. Lakini neno lilimwingia. Katika kitabu chake kilichofuata, Our Mutual Friend, alimtia Myahudi mwema aitwaye Riah, ambaye amewekwa mbele kama mkopeshaji katili ilhali mwenye mali na ukatili ni bwana wake Mkristo. Na Oliver Twist ilipochapishwa tena mwaka 1867 aliliondoa lile neno "Myahudi" mahali pengi na kuacha jina la Fagin peke yake. Fagin hakugeuka kuwa mtu mwema. Alibaki mwizi, lakini sasa alikuwa mwizi kwa jina lake.

Huenda unasema, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Wazungu na Wayahudi, na kwetu hakuna Shylock. Basi niambie kwa nini jicho langu lilikwenda dawati la nyuma.

Kati ya mwaka 1896 na 1901 serikali ya Uingereza ilileta Wahindi wapatao 32,000 kuja kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali, na wengi wa waliobaki walirejea kwao. Wenye maduka wengi hawakutoka katika wajenzi hao. Walikuja kwa nauli zao, na wengine walikuwa na jamaa waliofanya biashara Mombasa na Unguja tangu kabla ya reli. Baadhi yao wangependa kulima. Lakini mwaka 1908 Lord Elgin, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, alikubali kwamba ardhi ya nyanda za juu za Kenya isigawiwe Wahindi, na mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikathibitisha kuwa nyanda hizo zitabaki za Wazungu. Mwafrika, ambaye ardhi ile ilikuwa yake, alinyang'anywa. Mhindi alizuiwa kuinunua. Na mnyang'anyi akakaa mbali shambani, haonekani. Aliyeonekana na Mwafrika kila siku ni yule wa nyuma ya meza ya duka, anayepima sukari na kuandika deni katika daftari.

Umeuona ule mlango mmoja? Sisemi kwamba kila mwenye duka alikuwa mwema. Wako waliopunja mizani, wako waliowadharau Waafrika waziwazi na kuwaita majina yasiyofaa, na mzee aliyedharauliwa hivyo hawezi kuambiwa kwamba ameota. Shylock naye si mtu mwema. Lakini mtu mbaya ni mbaya kwa matendo yake, naye huulizwa yeye; mwanawe aliyekaa dawati la nyuma hakupima sukari ya mtu.

Kenya ilipata sheria ya leseni za biashara mwaka 1967, iliyowabana wafanya biashara wasio raia, na wengi wakaondoka. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia watoke katika nchi kwa muda wa siku 90, na muda huo ulikwisha mapema Novemba. Linganisha na amri ya Edward I, iliyotolewa Julai na kumalizika tarehe 1 Novemba. Kati ya amri hizo mbili kuna miaka 682, na hata hesabu ya siku zimekaribiana. Katika mwaka niliokuwa nikigawa sehemu za mchezo, treni zilizowachukua watu wale kutoka Kampala kwenda Mombasa zilikuwa zimepita karibu na shule yetu miezi michache tu iliyotangulia. Vijana walikuwa wamezitazama. Mwenzao pia alikuwa amezitazama, akiwa amesimama nao.

Nami nilikuwa na neno la kitabu lililonisaidia katika kosa langu. Jina la mchezo kwa Kiingereza ni la mtu mmoja, tena ni neno jepesi lisilo na uchungu, maana mfanya biashara wa Venice ni Antonio, si Shylock. Mwalimu Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliandika Mabepari, kwa wingi. Neno bepari limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Wahindi, na maana yake ya asili ni mfanya biashara tu, kama lile la Shakespeare. Katika siku za Azimio lilikuwa limekwisha pata maana nyingine, ya mtu anyonyaye jasho la wenzake. Mimi nadhani wingi ule una hekima: unamtia Shylock na Antonio na Bassanio katika kapu moja, na kutufanya tuwatazame wale Wakristo watanashati kama watu wanaoishi kwa fedha pia, na mmoja wao anaposa mke kwa fedha za kukopa. Anayesoma hivyo hatamwona Myahudi tu. Lakini katika mji mdogo wa Kenya, katika mwaka 1973, neno bepari lilipotamkwa kila mtu aligeuza shingo kuangalia upande mmoja wa barabara, ule wenye maduka. Hapo tafsiri haikuwa na kosa. Shingo ndizo zilizokuwa na kosa.

Wala tusidhani kwamba lugha yetu ilikuwa safi mpaka ilipoguswa na vitabu vya wageni. Waswahili wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na mtu aliyepata adabu njema walisema amestaarabika, yaani amekuwa kama Mwarabu. Maneno hayo mawili tunayatumia kila siku bila ya kujua nani alitukanwa na nani alisifiwa yalipoundwa. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao binti yake aliandikiwa na mama aliyekuwa mgonjwa, ni katika mashairi mazuri kabisa ya Kiswahili, na mimi nimeufundisha kwa furaha. Ndani yake mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kwa miaka mingi nilipofika katika ubeti huo nilieleza msamiati na kuendelea, kama nilivyotaka kufanya kwa Mmorocco. Katika darasa lolote la Mombasa au Lamu huenda amekaa mjukuu wa wale waliotajwa, na huenda ameketi karibu na mjukuu wa wenyewe.

Baada ya lile swali niliwaeleza vijana wangu kidogo nilichokijua juu ya Wayahudi wa Uingereza, kisha nikabadilisha sehemu. Nilimwita yule mwanafunzi ofisini nikamwomba radhi. Alinitazama, akasema, "Si neno, Mwalimu. Baba yangu ameitwa mabaya kuliko hilo." Nilimwuliza anataka kusoma sehemu gani, akasema hataki kusoma yoyote, kama naweza kumwachilia. Nikamwachilia. Shylock wa baraza la hukumu alisomwa na kiongozi wa darasa, yule aliyekuwa Antonio. Alianza kwa kuigiza sauti ya puani ili wenzake wacheke, na wengine walicheka. Alipofika penye watumwa wa Venice aliiacha ile sauti akasoma kwa sauti yake mwenyewe. Sikumwambia aiache. Tuliumaliza mchezo, wakafanya mtihani, karibu wote wakafaulu.

Ninayo picha ya darasa lile. Vijana 31 wamesimama katika safu tatu mbele ya ukumbi, nami niko kando na tai iliyopinda. Nyuma ya picha mmoja wao aliandika majina ya wote kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri, safu kwa safu kutoka kushoto, kila mtu jina lake na la baba yake. Katika safu ya tatu, wa nne kutoka kushoto, ameandika Shailoki.